Kijembe cha Minyoo

4 Februari

Mke mwenzangu,

Salamu utazikuta mwisho. Nikianza nazo karatasi itaisha sijasema kitu.

Barua yako imefika imekunjamana kama leso ya mwenye mafua. Nimeisoma mezani wakati wa chakula, kama siku zote, kila mtu akasikia. Unajua kusoma kwangu. Darasani sijakanyaga. Herufi nilizipata kwako, wewe ukiwa la kwanza unaimba ba be bi bo bu, mimi nachambua mchele naimba nawe. Ndiyo maana mpaka leo sijui kusoma kimya. Nikifunga mdomo, herufi nazo zinafunga mlango.

Sasa nikuulize. Umeandika kwamba umepata kazi maabara na unashinda na mkasi mkononi. Mkasi wa kukata nini? Jirani wa ukuta ameshatangaza mtaa mzima kwamba mjukuu wangu anakata maiti. Mwenye duka nikimpa pesa anaipokea kwa ncha za vidole. Niandikie waziwazi nimzibe mdomo huyo mwanamke.

Habari za hapa ni kwamba mjomba wako amerudi nyumbani. Karakana aliyokuwa akichomelea vyuma imefungwa, akaja na mkewe, mtoto na magunia ya nguo, akasema ni kwa muda tu. Nimefurahi, sikufichi. Tangu mama yako afe na wewe uondoke, nyumba hii ilikuwa kimya mpaka nikawa nagombana na sufuria. Sasa kuna anayekohoa, kuna anayenuna, kuna anayemwaga maji sakafuni. Nataka wakae, tena wakae moja kwa moja. Nataka siku nikifa nife nikisikia watu wanagombea bafu.

Mkewe mpaka leo namwita Bi Harusi, maana tangu siku ya harusi hajainama kuokota kitu. Amechukua chumba cha mbele, kile chako, anasema kina hewa. Kiti changu cha dirishani nacho kina hewa, kwa hiyo anakikalia. Mtoto ndiye mume wangu mpya, wewe sasa huna chako. Anatembea tumbo mbele kama mwenye mji. Namwita Kitumbo.

Wanaokusalimu: mjomba wako, Kitumbo, jirani wa ukuta na ulimi wake. Bi Harusi hajasema kitu, lakini nimemwekea salamu zake humu asionekane hana adabu.

Bibi yako


19 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Mwambie jirani kwamba sikati maiti za watu. Ninapasua mijusi.

Unawakumbuka wale mijusi wadogo wa nyuma ya jiko, wanaong'aa kama wamepakwa mafuta, ukiwagusa tu wanazama mchangani mkia unabaki unacheza? Ni wewe uliyeniita Mchokonozi kwa ajili yao. Basi ndio hao hao. Kuna watu wanaowachimba huko porini na kutuletea kwenye vifuko vya kitambaa. Nawalaza chali kwenye trei yenye nta, nawabana kwa pini, nafungua tumbo kwa mkasi mdogo kuliko wa kukatia kucha, halafu natafuta minyoo.

Usicheke. Hakuna anayejua vizuri ni minyoo gani wanaoishi ndani ya mijusi hawa, na Daktari, mkuu wetu wa maabara, anataka kuwajua wote. Juzi mjusi wa urefu wa kidole changu nimemkuta na minyoo utumboni, weupe kama uzi wa kushonea, wengine kwenye mapafu, na mmoja amejikunja chini ya ngozi kama anayesikia baridi.

Katika kazi hii mjusi tunamwita mwenyeji. Mnyoo ni mgeni tu. Hana nyumba, hatafuti chakula, anasubiri mwenyeji ale naye ndipo ale. Na mnyoo mwenye akili hamuui mwenyeji, kwa sababu akimuua hana pa kulala. Anakula kidogo kidogo. Mwenyeji anakonda na kudhani ni njaa yake mwenyewe. Jambo hilo limenikaa kichwani, nalistaajabia hata nikiwa bafuni.

Kinachoniuma ni kwamba huwezi kumwona mnyoo mpaka mjusi afe. Njia nyingine hatuna.

Ninakaa chumba cha juu ya duka la vioo. Gari likipita, vioo vyote vya chini vinatetemeka, na mimi natetemeka navyo. Daktari amesema nikimaliza mijusi wa msimu huu bila kuharibu, nitaandikwa kazi ya kudumu. Niombee. Msalimie Mjomba, mkaza mjomba, na umbusu Kitumbo kwenye tumbo lake hilo.

Mchokonozi wako


8 Machi

Mchokonozi,

Umeua watu huku.

Barua nimeisoma mezani, kidole kwenye mstari. Nilipofika kwenye mgeni asiyetafuta chakula, nikasikia kijiko cha mjomba wako kimesimama. Nikaendelea, mimi nikianza kusoma sisimami ovyo, nikisimama napotea njia. Nilipofika kwenye kula kidogo kidogo mpaka mwenyeji akonde, Bi Harusi akasukuma sahani.

"Hicho ni kijembe," akasema.

"Kijembe gani, mwanangu? Ni mijusi."

"Mama, mimi si mtoto. Nani anaajiriwa kupasua mijusi? Huyo anatusema sisi."

Mjomba wako akasema, "Muache, pengine ni kweli." Akajibiwa, "Wewe ungekuwa na pa kulala, ungejua kama ni kweli." Nikainama kwenye barua nifiche uso. Mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kicheko, nikajifanya nakohoa.

Sasa sikiliza kilichofuata. Asubuhi yake mjomba wako akapanda juu ya paa akaziba pale panapovuja, mahali nilipokuwa nikimwomba apazibe tangu alipofika. Bi Harusi akashika ufagio. Nilimwangalia kama naangalia ng'ombe anayeendesha baiskeli. Mimi na ukali wangu wote nilikuwa sijapata hata kufagiliwa mlango, na mjusi wako mmoja amefagia nyumba nzima.

Tuambiane sisi wawili. Kazi hiyo ipo, au umeitunga? Kama ipo, Mungu anisamehe, maana siamini. Kama ulitunga, basi wewe ni damu yangu, kijembe cha namna hiyo hata mama yangu hakuwahi kukitupa. Hebu niandikie kingine, ila kilaini. Nataka kiti changu cha dirishani. Sitaki waondoke, umenielewa? Wakae, ila wajue wamekaa kwa nani.

Na hao mijusi, kama kweli wapo, mkishawafungua mnawashona?

Wanaokusalimu: mjomba wako, aliyekuwa juu ya paa. Kitumbo. Bi Harusi safari hii amesema mwenyewe, "Msalimie mwanasayansi," na mdomo ukapinda.

Bibi yako


22 Machi

Bibi,

Nimekutumia karatasi mbili. Hii ni yako peke yako. Nyingine ndiyo ya mezani.

Kazi ipo, Bibi. Mikono yangu inanuka spiriti hata nikiosha kwa sabuni ya unga. Wala sikuwa nawasema. Niliandika nilichokiona mezani kwangu, na nyinyi mkakiona mezani kwenu. Lakini niliposoma kwamba Mjomba alipanda paa nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaacha kazi yake kuniuliza. Naye akacheka.

Halafu nikakasirika. Chumba changu, sawa, mimi sipo. Kiti chako? Kile Babu alichokutengenezea kwa mikono yake. Basi karatasi ya pili nimeiandika kwa makusudi, ni kijembe kitupu hicho, hakuna mnyoo wa namna hiyo duniani. Isome kwa uso wa upole.

Na swali lako. Hapana, hatushoni. Tukishamfungua mjusi tunatoa minyoo tunaweka kwenye vichupa, na yeye mwenyewe anaingia kwenye chupa kubwa. Sisi hatushoni.

Mchokonozi wako

(Karatasi ya mezani)

Bibi mpenzi, nawasalimu wote mliokaa mezani. Wiki hii tumempata mnyoo wa ajabu. Huyu, akishaingia kwa mwenyeji, hatosheki na utumbo. Anapanda mpaka karibu na jicho, palipo na mwanga na hewa nzuri, anakaa hapo. Mwenyeji maskini anabaki kuangalia dunia kwa pembeni. Daktari anasema mnyoo huyu ana uso wa kike. Nikasema, Daktari, hata kwetu wapo.


10 Aprili

Mke mwenzangu, mwovu wangu,

Nakuandikia nikiwa dirishani. Kwenye kiti.

Karatasi yangu niliisoma kwanza jikoni, Bi Harusi akiwa ameenda kwenye bomba. Ile ya pili nikaisoma mezani kwa uso wa upole kama ulivyoniagiza. Mjomba wako alitafuna kama anatafuna mchanga. Nilipofika kwenye uso wa kike, Bi Harusi akatabasamu, akasema, "Kumbe Daktari wenu anajua nyuso za minyoo. Ana bahati, sisi wengine tunajua za watu tu." Asubuhi nilikuta kiti mlangoni kwangu, kimepanguswa, na foronya imekunjwa juu yake kama ya marehemu.

Tangu siku hiyo ananiita "mwenyeji". Mwenyeji, chai tayari. Mwenyeji, maji ya kuoga. Ananyoosha neno mpaka linakatika. Na mimi namjibu, ahsante mgeni wangu. Mjomba wako anatoka asubuhi kutafuta kazi, anarudi uso kama ukuta. Sikufichi, utamu umeanza kuisha. Lakini wapo. Bafu linagombewa.

Kitumbo ndiye dawa yangu. Tumbo limezidi, limekaza kama ngoma, ukiligonga kwa kidole linalia. Mikono na miguu lakini ni vijiti, sijui chakula kinakwenda wapi, maana anakula na bado anabandua udongo wa ukutani anatafuna. Nikimkemea anacheka, meno yamejaa vumbi. Akilala anasaga meno kama mzee mwenye madeni. Kikohozi kilimwandama, sasa kimepungua. Juzi alilia tumbo, nikamsugua mafuta akanyamaza. Bi Harusi anajivunia lile tumbo, anasema mwanawe hajawahi kulala na njaa, kuna watu wanakonda kwa roho mbaya. Unajua hao watu ni nani.

Wanaokusalimu: mjomba wako kwa kichwa tu, Kitumbo kwa mate. Mgeni wangu hajambo.

Bibi yako


18 Aprili

Bibi,

Weka utani pembeni. Simu ya dukani nimepiga, nikapiga tena, inaonekana imekatwa. Nimempa barua hii dereva wa lori la vioo, anapita mji wenu, atakuletea mkononi.

Kitumbo ana minyoo. Minyoo wa watu, si wa mijusi. Tumbo kukaza, mikono vijiti, kula udongo, kikohozi kilichokuja na kuondoka, yote uliyoyaandika ukidhani ni kichekesho. Udongo ndio unaoleta mayai yao. Wakiwa wengi wanajifunga pamoja kama fundo na kuziba utumbo, na mtoto anaweza kufa.

Mpelekeni zahanati, leo. Dawa yake ni rahisi, zahanati yoyote inayo. Msisubiri alie tena. Akitapika au akishindwa kwenda haja, msipite zahanati, nendeni hospitali moja kwa moja.

Msomee Mjomba na mkaza mjomba barua hii. Mkaza mjomba, nakuomba. Hiki si kijembe. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu, hiki si kijembe.

Mchokonozi


1 Mei

Mchokonozi,

Wameondoka.

Dereva alileta barua tukiwa tunakula. Nikaisoma pale pale, wote wanasikiliza. Nitakuandikia kilichosemwa, ukijue.

Nilipofika Kitumbo ana minyoo, Bi Harusi hakukasirika. Alicheka. Akasema, "Leo amefika kwenye tumbo langu. Alianza na mume wangu, akaja usoni kwangu, sasa mwanangu." Nikaendelea. Nilipofika hiki si kijembe, akapiga meza kwa kiganja. "Hivyo ndivyo kinavyoanza kila kijembe tangu dunia iumbwe. Na kaburi la mama yake ameliingiza."

Nikamwambia, "Mwanangu, pengine safari hii ni kweli."

Akaniangalia. "Kweli? Mwenyeji, mimi siku ile kwenye bomba sikufika. Ndoo ilikuwa imetoboka, nikarudi. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni nakunja nguo, na wewe unasoma ile karatasi ya peke yako kwa sauti kama mwadhini. Ni kijembe kitupu hicho, hakuna mnyoo wa namna hiyo duniani. Isome kwa uso wa upole. Nimeikariri. Ulikuwa unacheka mpaka unashika ukuta."

Mjomba wako akageuka kunitazama. Mtoto wangu mwenyewe, niliyembeba mgongoni, alinitazama kama mtu aliyekuta mkono wangu mfukoni mwake.

Asubuhi walifunga magunia. Kitumbo alitaka kubaki, akashika mguu wa meza, mama yake akambandua kidole kimoja kimoja. Mjomba wako akaacha ufunguo kwenye kiti cha dirishani. "Kaa na hewa yako, Mama," akasema. Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemrushia kiatu, tungemaliza.

Hawakusema wanakwenda wapi.

Nilikwambia kilaini. Nilisema wakae. Mara ngapi nilisema wakae? Nimekukasirikia, na nimejikasirikia kwa kukuagiza. Maana tuseme ukweli, hata mimi uliposema minyoo nilidhani umepata kingine kikali zaidi, na moyoni nilisema, huyu mtoto ana akili.

Sasa niandikie neno moja tu. Ni kweli au si kweli?

Bibi yako


9 Mei

Bibi,

Ni kweli.

Ile ya kwanza ilikuwa kweli, mkaiona kijembe. Ya pili ilikuwa kijembe, tukaicheka mimi na wewe. Hii ya tatu ni kweli kuliko zote, na nimeiandika kwa mkono ule ule ulioandika ya pili, nitamlaumu nani asiposadiki?

Watafute. Mkaza mjomba ana dada, mke wa yule mtengeneza betri upande wa pili wa mji, nadhani wako huko. Usiende na barua, wala usilitaje jina langu. Sema dawa umepewa na jirani. Sema chochote. Nimefunga vidonge ndani ya bahasha hii kwenye kipande cha gazeti, ni vya kutafuna, vitamu, atavipenda. Ila tumbo likiwa limeanza kuuma sana usimpe, mpeleke kwanza hospitali wamwone.

Nilimwomba Daktari ruhusa nije. Akasema mijusi wa mwisho wameshafika, na wakikaa kwenye vifuko watakufa na minyoo wao wataharibika. Nikabaki. Nimewamaliza. Jana nimeandikwa kazi ya kudumu, wenzangu wakanipigia makofi, na nilikuwa nafikiria lile tumbo linalolia kama ngoma. Sikujua niweke wapi uso.

Niandikie hata mstari mmoja. Msalimie kila mtu.

Mchokonozi wako


4 Juni

Mjukuu wangu,

Bahasha yako ilichelewa. Ilipofika nilikuwa nimeshawapata, na vidonge havikuwa na kazi tena.

Nilikuwa nimekumbuka mwenyewe kwamba dada wa Bi Harusi ameolewa na fundi betri, nikazunguka kwa miguu nikiuliza mafundi betri mmoja mmoja, wakinielekeza kama wanavyoelekeza kichaa. Yule dada wa Bi Harusi nilimkuta anafua nje. Hakunikaribisha. Akasema, "Wako hospitali, Mama. Mtoto alitapika, na alichotapika sisemi."

Wodini Bi Harusi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, viatu havipo. Nilimkuta anaokota. Naam, yule yule. Alikuwa anaokota vipande vya pamba sakafuni, kimoja kimoja, anavitia mfukoni, vikiisha anavitoa anaviangalia. Hakunigombeza. Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa, nimebana meno kabisa.

Akasema, "Walimfungua, mwenyeji."

Nesi aliniambia waliwatoa minyoo fundo zima, kama kamba za viatu zilizofungana. Yuko hai. Mkono wake nimeuona kutoka mlangoni, umetoka nje ya shuka, unacheza na pindo. Kovu litakuwa kutoka hapa mpaka hapa, siwezi kukuchorea. Nilitaka kuingia, Bi Harusi akainuka akasimama mlangoni. "Mwambie mwanasayansi wako," akasema, "huku wanashona."

Nimekuandikia kama alivyosema, bila kuongeza. Nilimpa ile shuka yangu ya maua, akaipokea. Kuingia hakunipa.

Mjomba wako alikuja nyumbani kuchukua kigodoro cha mtoto. Alikaa jikoni bila kuvua kofia. Nikamwekea chai, akaizungusha mpaka ikapoa.

"Mama," akasema, "ile kazi ipo kweli?"

"Ipo."

"Ya kupasua mijusi."

"Ya kupasua mijusi."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Angesema tu," akasema.

"Alisema, baba."

"Ndiyo," akasema. "Alisema."

Akabeba kigodoro akaondoka. Nilimwambia ufunguo uko pale pale kwenye kiti. Alipita karibu yake. Hakuuchukua. Wamepanga chumba kwa yule fundi betri, nyuma, wanasema hakina hewa lakini ni chao.

Sasa nikuambie wewe. Umeandikwa kazi, nimefurahi, usidhani sikufurahi. Nimemwambia jirani wa ukuta na mwenye duka na mtu yeyote aliyesimama. Unywe maziwa kwa ajili ya hiyo spiriti, na mikono upake mafuta. Wewe ni wangu, nilikuambia ba be bi bo bu kabla hujajua kuniambia mimi, au uliniambia wewe, sijui tena nani alimfundisha nani. Lakini kijembe usiniandikie tena hata nikikuomba, hata nikikulilia. Mimi nitakuomba, najijua. Kataa.

Uliniandikia kwamba huwezi kumwona mnyoo mpaka mwenyeji afe. Basi nilikuwa nimejaa hao minyoo, mjukuu wangu. Nilikuwa nimejaa na sikuwa naumwa. Nilitaka kiti tu.

Vidonge vyako nimevitia kwenye kikombe cha kabatini, kile cha mpini uliokatika. Nasikia vitamu.

Barua yako nimeisoma mezani, wakati wa chakula, kwa sauti, si najua njia hiyo moja tu. Nilipofika pale uliposema msalimie kila mtu, nikanyanyua macho nione nianze na nani.

Wanaokusalimu: mimi.

Bibi yako